Namba ya Mama Mkwe

Mkonze, mchana, kesho yake ndiyo safari

Hadija fundi,

Yale ya "natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya" nimeyaruka, kwa sababu asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukila kiporo changu bila hata kuniuliza. U mzima. Mimi pia ni mzima, ila nina njaa.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye gogo nyuma ya nyumba, kando ya mizabibu. Wewe na mama yako mmekwenda mjini kutafuta blanketi la Mwanza, kana kwamba Mwanza ni Ulaya. Nimeanza mapema ili nimalize kabla hamjarudi, maana mwandiko wangu unaujua, unatembea kama mbuzi aliyekata kamba. Darasa la nne la kwetu Kondoa halikutufundisha kuandika haraka, lilitufundisha kuandika kwa uoga. Nikimaliza nitaiweka kwenye sanduku lako la vifaa, juu ya koleo. Najua hutalala leo bila kuzikagua. Nguo unaweza kusahau, koleo hapana.

Habari za kushika mkoba vizuri stesheni, kutonunua samaki dirishani, na kufunga dirisha ukisinzia, mama yako amekwisha kuzisema na kesho atazirudia. Mimi nina jambo moja tu.

Juzi nilikuwa nimejilaza mkekani, macho nimeyafumba, masikio nimeyaacha wazi kama ilivyo kawaida ya kazi yangu. Nikakusikia ukisema, "Mama, mwambie baba Mwanza nakwenda mwezi mmoja tu. Nafunga mtambo wa kwanza, narudi. Siwezi kumwacha hapa anaongea na mizabibu, na kazi yake nimeiua mimi."

Mama yako akanigeukia. "Baba Hadija, mwanao anasema Mwanza mwezi mmoja tu."

Nikamwambia, "Mwambie nimesikia."

Akakugeukia. "Anasema amesikia."

Ukasema, "Haya."

Akanigeukia. "Anasema haya."

Mwanangu, tulikuwa chumba kimoja! Ningenyoosha mguu ningekugusa. Tangu nilipopewa ile karatasi ya kupunguzwa kazi hujanitazama usoni. Shikamoo unaniamkia huku unatazama ndoo. Mengine yote yanapita kwa mama yako, na yeye ameshaanza kuchoka shingo. Umenifanya mama mkwe wa Mkurugenzi.

Ndiyo maana nimechukua kalamu. Barua hii haipiti kwa mtu.

Unajua nilivyokaa kwenye kile kiti cha bodi ya simu, tangu wewe hujaota meno. Shirika zima lilikuwa na namba moja, ile iliyoandikwa juu ya barua zote. Ukipiga, taa inawaka kwenye ubao wangu, napokea mimi. Akipiga waziri, napokea mimi. Akipiga mke wa dereva anayemtafuta dereva, napokea mimi. Nakuuliza unamtaka nani, nachomeka waya kwenye tundu lake, simu inalia huko juu. Naye akiwa hataki kusumbuliwa ananiambia, "Mzee Idi, niko kikaoni," na mimi namsikia anavyotafuna muhogo. Hakuna mtu aliyemfikia Mkurugenzi bila kuniamkia mimi kwanza. Shikamoo zilizoingia kwenye sikio langu la kushoto zingewatosha machifu watatu. Usidhani nilikuwa napokea simu tu, mwanangu. Nilikuwa natawala.

Na kati ya sauti zote hizo niliyoipenda ni ya yule mama wa Mlali. Kwa ukoo wa mke wa Mkurugenzi, mume hasemezani na mama mkwe wake. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Si ugomvi, ni heshima. Sasa yule mama akiwa na neno anatoka Mlali mpaka posta ya Kongwa, anapiga, nami nawafungulia laini wote wawili nikakaa katikati.

"Mwambie mkwe wangu mvua imetunyima."

"Mkuu, mama anasema mvua imewanyima."

"Mwambie mama pole sana."

"Mama, anasema pole sana."

Kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa, na kila mmoja anajua anasikika. Lakini neno lazima lipite kwangu, liguse ardhi kwanza ndipo liokotwe. Nilikuwa naipenda kazi ile kuliko mshahara wake, na si kwamba mshahara ule ulikuwa mgumu kuupita.

Ndipo likaja soko huria. Kila kitu kikatakiwa kionekane kipya ili kipate mnunuzi, na shirika letu nalo likapakwa rangi kama bibi harusi mzee. Wakaagiza mtambo mpya wa simu. Mafundi wakaja, wanaume wanne na mwanamke mmoja ndani ya ovaroli iliyomzidi mabega. Wewe. Tulikubaliana nyumbani: kazini nakuita fundi, unaniita mzee. Hakuna aliyetugundua isipokuwa Mama Chausiku, mpika chai, aliyetutazama mara moja tu akasema, "Hizi pua mmegawana."

Unaikumbuka siku Mkurugenzi alipoingia ofisini kwake akauliza, "Fundi yuko wapi?" Sauti ikatoka chini ya meza: "Niko miguuni pako, mzee. Sogeza kiatu." Nilisikia kwenye bodi, maana ulikuwa umeacha simu yake wazi. Nilicheka mpaka nikakata simu ya wizara.

Jioni ile ulinieleza mtambo wako kwenye ungo wa mama yako. Ulichambua karanga nane ukazipanga mstari. "Hizi ni laini, baba. Zinatoka kwa kampuni ya simu kuja kwenu. Ni nane tu." Ukamimina rundo la nyingine pembeni. "Na hizi ni namba. Mmepewa mia kwa mpigo, mwanzo zote zinafanana, zinatofautiana tarakimu za mwisho."

"Namba mia zitapitaje kwenye nyaya nane?"

"Namba si waya, baba. Namba ni maelekezo. Si wote watakaopigiwa wakati mmoja. Mtu akipiga namba yoyote katika hizi, kampuni ya simu inajua ni yenu, inamleta kwa laini yoyote iliyo wazi. Kabla simu haijalia, inaunong'oneza mtambo wenu zile tarakimu za mwisho. Mtambo unatazama umepangiwa nini: tarakimu hizi, meza ya mhasibu. Unalia kwa mhasibu. Basi."

Mimi darasa la nne, lakini nilikupata. Shuleni kwetu tulikuwa na sanduku moja la posta. Barua zikija, mwalimu anasimama mbele ya mstari anaita majina, na ukiwa umemuudhi jina lako linaitwa la mwisho. Sasa wewe unaniambia bahasha inakuja imeandikwa mpaka dawati, mwalimu abaki na chaki yake. Nikakuuliza, "Na kwangu anapitia wapi huyo anayepiga?"

Ukaigeuza karanga moja kidoleni. Mama yako akasema, "Karanga zangu hizo mnazimaliza?"

Ukasema polepole, "Kwako hapitii, baba."

Nikachukua laini mbili nikazitafuna. Ukacheka, na mimi nikacheka. Lakini nilikuona ulivyozipanga upya zile sita zilizobaki, kwa makini, kama mtu anayefunika kaburi. Nadhani ni hapo ulipoanza kutazama ndoo.

Haya. Namba zikagawiwa, na wakubwa wetu wakagombana kama watoto wa chekechea. Mhasibu mkuu hakutaka namba yake iwe kubwa kuliko ya afisa utumishi, wala ndogo kuliko ya Mkurugenzi. Ukawaambia namba ni mlango tu, haina cheo. Hakuna aliyekuamini. Mimi nami nikafanya langu. Mama wa Mlali alipopiga, nilimpa namba mpya ya Mkurugenzi. Nikamwambia, "Mama, kuanzia Jumatatu piga hii. Ni ya moja kwa moja."

"Moja kwa moja wapi, mwanangu?"

"Kwa wenyewe, mama."

Sikumweleza zaidi. Nilitaka kuona sura ya Mkurugenzi, basi. Nilikuwa naondolewa mlangoni, nikasema kabla sijaondoka niwaonyeshe mlango ulikuwa na kazi gani. Nilichosahau ni kwamba mke wa Mkurugenzi alikuwa amekwenda kwao Mlali kujifungua mtoto wa kwanza.

Jumatatu wote walijazana ofisini kwake kungoja simu ya kwanza ya moja kwa moja. Wewe uko chumba cha mtambo na simu yako ya kupimia, mimi kwenye meza yangu mpya ya kupokea ile namba ya zamani, yenye vitaa vidogo kama macho ya panya. Ikalia. Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi akainua kwa vidole viwili, "Haloo, Mkurugenzi hapa!" Halafu, kwa walivyonisimulia, akasimama wima. Akageukia ukutani. Akatoa leso akajifunika uso. Na kimya.

Ukanipigia. "Mzee, laini imekufa? Mtambo unaonyesha iko wazi, lakini hakuna anayesema."

Ukaniwekea laini ile nisikilize. Nikausikia upepo wa Kongwa na mwanamke anayehema.

"Haijafa, fundi. Inaona haya."

Hakuna aliyeweza kusema, na hakuna aliyethubutu kumkatia mwenzake simu. Mama ametoka Mlali na jambo zito kifuani, na mwanaume yule anajua mkewe yuko kwenye uchungu wa uzazi, hajui kama yu hai. Wamepewa waya safi kabisa kutoka mdomo hadi sikio, na waya ule umewaziba midomo. Hapo kicheko kiliniisha, mwanangu. Nikakuambia, "Niingize katikati yao." Hukuuliza kwa nini. Ulisema, "Tayari, mzee," nami nikawa ndani.

"Shikamoo mama. Ni mimi, Idi wa bodi."

"Marahaba, marahaba! Ulikuwa wapi wewe? Mwambie mkwe wangu binti yangu amejifungua salama. Wa kiume. Mwambie ana masikio ya baba yake."

"Mkuu, mama anasema mkeo amejifungua salama. Wa kiume. Kwa masikio tunampa pole."

"Mwambie mama..." Mkurugenzi hakumaliza.

"Mama, anasema ahsante sana."

"Hajasema," akasema mama.

"Anasema kwa namna yake, mama. Amejifunika leso."

"Ah. Basi vizuri."

Watu wote wanaikumbuka siku ile kwa sababu ya mtoto. Mimi naikumbuka kwa ulichofanya baadaye, ofisi ilipotulia. Ulichukua namba moja ambayo haikuwa na mwenyewe katika zile mia, ukabonyeza bonyeza, ikalia mezani kwangu. "Hii ni ya mama mkwe peke yake," ukasema. "Atapiga moja kwa moja, lakini itafikia kwako, wewe utamwita Mkurugenzi."

Nikakuuliza, "Na kitabu chenu kinaruhusu?"

"Kitabu kinasema namba inaweza kupelekwa popote. Wakwe hakikuwataja. Nimewataja mimi."

Hadija, siku ile niliikokota baiskeli kwa miguu mpaka Mkonze. Mtu mwenye kifua kilichojaa vile hawezi kuinamia usukani. Wale wanaume wanne walikuwa wanaujua mtambo kama wewe, pengine zaidi. Lakini wangemwambia yule mama azoee. Wewe uliugeuza mtambo umzoee yeye. Nilitamani kusimama sokoni niseme huyu ni wangu, nikaogopa utaniita mzee mbele za watu.

Halafu mnunuzi akaja. Usijidanganye na usinidanganye: shirika liliuzwa, na mnunuzi akapita akitazama watu kama anayechagua mbuzi, akaacha madereva, wapiga chapa na mimi. Alituacha wengi. Lakini nami sitakuambia mtambo wako haukuwa na mkono. Ulikuwa nao. Kama bado nilihitajika kuchomeka nyaya, pengine ningekaa mwaka mwingine. Na wiki ya kwanza nilikuwa naamka, navaa suruali ya kazi, nafika mlangoni ndipo nakumbuka. Mama yako ananiuliza, "Unakwenda wapi?" Namjibu, "Kuwatisha mbuzi." Sikulia. Nilikohoa sana, hilo nakubali.

Lakini sikiliza. Kiti kile kingeondoka tu. Kama lazima mtu akiondoe, nashukuru alikuwa wangu, aliyenipa mwanga ungoni kabla ya kunipa pole. Na nilikuona siku yangu ya mwisho. Ulidhani nimekwenda kuaga. Nilikuwa nyuma yako nachukua kikombe changu, nikakuona unaihamisha ile namba ya mama mkwe ikalie jikoni kwa Mama Chausiku. Nikamwita Mama Chausiku nikamfundisha kazi pale pale mbele yako. Nikamwambia, "Usipambe maneno. Ukiambiwa mvua, sema mvua." Ukainama kwenye nyaya ukajifanya unatafuta skrubu. Hakukuwa na skrubu, Hadija. Unadhani sijui chumba kile?

Sasa nikuambie kwa nini nilimwambia asipambe. Mimi nilizoea kukaa katikati mpaka nikaileta kazi nyumbani. Ulipotaka chuo cha ufundi, na mama yako akataka uwe muuguzi, hamkuwahi kukaa mkasemezana. Wewe unaniambia mimi, mama yako ananiambia mimi, nami naona fahari, kila neno linapita kwangu. Nikawa nayatia sukari. Nikamwambia mama yako, "Amekubali, atakuwa muuguzi wa simu." Nikakuambia wewe, "Mama yako amefurahi sana." Mkaishi hivyo kwa amani nzuri mpaka mama yako alipokushonea gauni jeupe na kofia yake. Unakumbuka kelele za siku ile? Mbuzi walikata kamba. Mlinuniana mwezi mzima, na kosa lilikuwa la opereta. Wewe na mama yako hamkuwa wakwe. Mlikuwa watu wawili waliohitaji kugombana siku moja mkamaliza, mimi nikawanyima laini.

Yule mama wa Mlali na Mkurugenzi, mtu wa katikati ndiye daraja lao. Wewe na mimi, mtu wa katikati ni ukuta. Ni kujua tu nani ni nani. Nimechelewa sana kulijua hilo, nimelipata uzeeni kwenye ungo wa karanga, nikalimeza na laini mbili.

Kwa hiyo usirudi baada ya mwezi. Wamekuita uwe mkubwa wa mafundi, uwafungie watu wa Ziwa ofisi nzima nzima, nawe unataka kurudi kunilinda nisiongee na mizabibu? Mizabibu yangu ina adabu, hainikatizi. Rudi sikukuu, rudi ukiolewa, rudi ukiugua, rudi ukinitamani tu. Usirudi kwa sababu unanidai msamaha. Hunidai na sikudai. Ukirudi kwa hilo nitafunga mlango, nikuambie kupitia mama yako kwamba niko kikaoni, huku natafuna muhogo usikie.

Na usiniambie utanipigia ukifika tutayamaliza kwa simu. Simu ya hapa kwetu ni ya dukani kwa Shabani. Ataipokea yeye, atanituma mtoto, nitafika nahema, naye atasimama karibu anapanga sabuni zilizokwisha kupangwa. Masikio yake ni mapana kuliko yangu, na yeye hakulipwa kwa kazi hiyo. Neno lenyewe haliwezi kupita pale. Salamu zitapita, bei ya samaki itapita.

Kwa hiyo ni kesho. Treni itachelewa, haijawahi kutuaibisha, tutakuwa na muda. Mimi nitasimama na baiskeli kwenye ukingo wa jukwaa, nimevaa ile suruali ya kazi, safari hii kwa makusudi, ili nikusindikize nikiwa kazini. Sema lolote unalotaka. Kama ni kilio, lia. Kama ni matusi, nitayapokea, nimepokea ya wakubwa. Kama neno halipo, simama tu uheme, mimi nimezoea kusikiliza laini isiyosema na kujua haijafa.

Nazisikia sauti zenu njiani, mama yako anasema blanketi ni jepesi. Naiweka kalamu.

Kesho mama yako atasimama katikati yetu na kikapu cha maandazi, kama kawaida yake. Mzunguke, uje upande wangu. Nitapokea.

Baba yako,
Idi wa bodi